Mchele Uliolala Hekaluni

Mjukuu wangu mmoja, yule aliye wizarani Al Khuwair, aliniuliza juzi tukiwa mezani: "Babu, hivyo kweli kunusa mchele ni kazi ya mtu kulipwa?" Wenziwe wakacheka. Nikawaambia, kazi khasa! Kazi yenye mshahara, yenye safari za ng'ambo, na yenye mbu ambao mmoja akikuuma, wa pili hukushika mkono usianguke. Wakacheka tena. Basi nikaona bora niandike, maana nyinyi vijana mkisimuliwa mnatazama simu, lakini kilichoandikwa pengine mtakisoma mkiwa mmekwama kwenye foleni ya magari.

Nlikuwa mkaguzi wa mchele. Nliondoka Unguja mwaka sitini na nne, na hilo sitalieleza, kwani kila nyumba yetu hapa Maskati ina mtu wake anayelieleza vizuri kuliko mie. Nlikuja na shati mbili na cheti cha shule ya usiku. Shule yenyewe mwalimu akisinzia, sisi tukisinzia, na karabai peke yake ndiyo iliyokuwa macho. Lakini nlitoka humo najua Kiingereza cha kuandikia barua na hesabu za kuwatoa majini jasho.

Maskati ya wakati huo msiifananishe na hii. Qurum mnayoendea kula aiskrimu palikuwa na mchanga na kunguru, na ukienda Ansab unawaaga watu wa nyumbani kama unaekwenda Hija. Tajiri mmoja wa Matrah, jamaa wa upande wa mama yangu, alikuwa akileta mchele kutoka nchi za mashariki, akanitia ghalani kwake chini ya mzee mmoja tukimwita Mzee Shambe. Huyo ndiye aliyenifundisha bambo.

Bambo hamlijui. Ni kijichuma kama bomba lililochongwa ncha kwa mshazari. Unalichoma kwenye gunia, mchele unateremka wenyewe kiganjani, gunia halifunguliwi na halipasuki. Siku ya kwanza nlichoma juu, katikati, kama mtu anayekata keki. Mzee Shambe akanipiga kofi la mgongo.

"Wewe! Juu kila mtu huweka mchele wa harusi. Choma pembe ya chini, elekeza juu. Huko chini ndiko walikofichwa wabaya."

Kisha akanionyesha mengine. Utafune punje moja kwa meno ya mbele: ikilia *ta!* imekauka, ikinyamaza ina maji. Usugue kiganjani utazame kama inaacha unga mweupe. Ukunje ngumi, uuhemee mchele kwa pumzi ya moto, ndipo unuse, kwani harufu mbaya hulala baridi na huamka kwa joto. Na kubwa kuliko yote, mchele wa Maskati lazima uwe wa zamani, uliokaa msimu mzima ghalani. Mpya hugandana ukawa gundi. Wa zamani hunywa maji kama ngamia na hujaa sufuria, ila hauna haraka. Hayo ya kutokuwa na haraka yawekeni akilini, yalinitia mashakani mbele ya umma.

Baada ya mwaka tajiri akasema pua yangu imeiva, akanipeleka Tailandi.

Wilaya yenyewe ilikuwa juu ya Bangkok, safari ya siku moja kwa mashua, kwenye mto mpana wa rangi ya chai ya maziwa. Kila mto unapopinda pana hekalu, wenyewe huita *wat*. Mapaa ya vigae vya kijani na rangi ya chungwa, ncha zake zimepindwa kama kucha za paka, na nyuma yake mnara mweupe uliochongoka. Alfajiri watawa, vichwa vimenyolewa, nguo za rangi ya manjano, hupiga makasia kwenye mitumbwi midogo wakipita nyumba kwa nyumba, na kina mama wamepiga magoti ngazini wakiwatilia wali kwenye mabakuli. Na hekalu si la ibada tu. Ndilo shule, ndilo baraza la kusuluhishia mke na mume, na uwanja wake wa saruji ndio pekee wa kuanikia mpunga. Mie Muislamu na tasbihi yangu mfukoni, nlifunga mashua kwenye gati la hekalu miaka yote ile, na hakuna aliyeniuliza nafanya nini pale. Walinifagilia pahala pa kuswalia, wakawafukuza mbwa.

Mwenye mashua alikuwa Haji Musa, Muislamu wa mtoni, babu zake walitoka upande wa Wamalei. Ndiye mkalimani wangu. Tulielewana kwa Kiarabu cha msahafuni, kwa mikono, na kwa kupigiana kelele. Wiki ya kwanza nlikataa mashua nzima ya mchele kwa sababu ulinukia vizuri. Ndiyo, vizuri! Nliuhemea, ukatoa harufu tamu kama majani ya rampe, nikaruka. "Hawa wametia marashi kuficha uvundo!" Haji Musa akamfasiria mwenye mchele. Yule bwana akakaa chini. Haji mwenyewe alicheka mpaka akashika nguzo asitumbukie mtoni.

"Bwana Seif, huo ndio mchele wao wa wafalme! Umezaliwa hivyo, mtoto wa watu!"

Habari ikafika kwa mkuu wa watawa wa hekalu la pale, mzee mnene kidogo, nyusi nyeupe, waliyemwita Luang Po, yaani baba mtukufu. Akataka kumuona Mwarabu anayekataa manukato. Nikamwendea alasiri na bakuli la halua ya Maskati, ile nyeusi ya zaafarani na lozi. Akaipokea, akainusa, akafumba macho, kisha akawagawia watoto wa shule yote! Nikanuna. Haji Musa akanibonyeza.

"Usikasirike. Jua likishatimia utosini, ngoma ya hekalu inapigwa, na mtawa hatii tena chakula mdomoni mpaka alfajiri. Wala hawezi kukiweka mpaka kesho."

Luang Po akasema kitu, Haji akacheka. "Anakwambia, mara nyengine njoo asubuhi. Ameteseka vya kutosha leo."

Tangu hapo tukawa marafiki. Na sasa ndio nafika kwenye mchele wa Mama Bunma.

Mama Bunma alikuwa mjane mwenye shamba ng'ambo ya mto, mwembamba kama ufagio, na ulimi wake ungeweza kukoboa mpunga bila ya kinu. Alikuwa ameweka mpunga wa mwaka uliopita ghalani akingojea bei ipande. Mto ukafura usivyotarajiwa, ghala lake likaanza kuogelea, na majirani wakamsaidia kupakia magunia mitumbwini mpaka ukumbi wa hekalu, ulioinuliwa juu ya nguzo ndefu. Wakayapanga humo, makavu, salama, alhamdulillahi.

Ila humo ukumbini mlikuwa na mwenyeji mwengine. Mwalimu mkuu wa zamani wa wilaya, aliyewafundisha na kuwachapa watu wote wa pale, alikuwa amekufa siku chache kabla ya mafuriko. Wao maiti wao humchoma, na hawana haraka naye. Na safari hii uwanja ulikuwa chini ya maji, kuni zote mbichi. Basi Mwalimu akawekwa ndani ya jeneza lililopambwa karatasi za dhahabu, picha yake mbele, miwani puani, na udi ukifukizwa mchana na usiku. Na mpunga wa Mama Bunma ukakaa ubavuni pake mpaka maji yalipotoka.

Maji yalipotoka, hakuna aliyeutaka. Walisema mpunga umelala na maiti, atakayeula Mwalimu atamwita. Bwana Heng, mwenye kinu cha mashine, akakataa kuukoboa. Mama Bunma hana chengine cha kuuza isipokuwa nyati wake wawili wa kulimia, na dalali wa mifugo alikwisha kuja kuwatazama meno. Nyati wakienda, shamba halilimwi. Shamba lisipolimwa, atakwenda kuwa kibarua kwenye shamba la mtu, yeye na uzee wake.

Akaja gatini akasimama mbele ya mashua yetu, mikono kiunoni.

"Muulize Mwarabu wako," akamwambia Haji, "ile pua yake inayokimbia manukato, inakimbia na maiti pia?"

Nisikuficheni, wanangu: maiti nnawaogopa hata wa kwetu. Nlipanda ngazi za ule ukumbi huku nikisoma Kulhuwallahu kwa kasi ambayo hata malaika wa kuandika aliomba nirudie. Picha ya Mwalimu ikinitazama kama niliyechelewa darasani. Nikachoma bambo pembe ya chini. Mpunga ulikuwa unanuka udi, udi mzito wa msibani, ukafika mpaka kooni. Nikapukusa punje chache kiganjani, nikapuliza makumvi yakaruka, nikaihemea ile punje tupu. Nikahemea tena.

"Haji, nusa."

"Sinusi!"

"Nusa, nnakwambia. Harufu imekaa kwenye ganda. Ndani hamna kitu. Ndani ni mchele wa zamani, mkavu, mtu wangu, wa kuukata mkono!"

Haji akanusa kwa mbali kama anayenusa chui. "Kweli. Lakini jengine, Bwana Seif. Humu ni nyumba ya masanamu. Huu ulitolewa kwao sadaka, au uliwekwa tu? Ukitolewa, sisi hatuuli."

Hilo lilikuwa swali la haki, na mie ningeulizwa hivyo hivyo Matrah. Tukamuuliza Luang Po. Mzee akafikiri.

"Uliwekwa," akasema. "Buddha hakuuomba, Mwalimu hakuula, na mimi nlijikwaa nao mara nyingi sana."

Basi tukamwendea Bwana Heng. Nikamwambia ukoboe, mie ntaununua wote. Akatikisa kichwa, na hakuwa mtu mbaya.

"Wapagazi wangu hawaugusi. Wewe utapanda meli uende zako, mimi nabaki na watu hawa. Nikikoboa mpunga wa maiti kwenye kinu changu, nani ataniletea tena wa kwake? Waonyeshe kwanza watu wenyewe wanaula, kisha njoo."

Mama Bunma akatema mate mtoni.

Luang Po ndiye aliyetoa njia. Siku ya kumchoma Mwalimu wilaya nzima itakusanyika, na watu hulishwa uwanjani kabla ya maiti kuchomwa. Akasema, "Upikwe hapa, mbele ya watu. Mtu akiniandalia, nami nikila kabla ya ngoma, wataona."

"Nani atapika?" akauliza Haji. Kina mama wote wakageukia mawingu.

"Mie," nikasema.

Na nnakwambieni kwa nini nlipata ushujaa ule. Nlikumbuka kwetu. Kwetu mtu akifa, masufuria ya wali huanza kutokota nyumba ya pili kabla machozi hayajakauka, na siku ya khitma tunakaa pale pale tukasoma, tukala, tukaulizana kama ukoko umebaki. Sisi wali na maiti ni majirani wa siku nyingi. Nkaona aibu kuogopa.

Asubuhi ya siku ile Mama Bunma aliutwanga mwenyewe kwenye kinu cha mti, akaupeta kwa ungo, makumvi yakiruka na udi wao. Mie nikachukua sufuria langu nlilokuwa nikisafiri nalo, nikapanga mafiga uwanjani. Watu wakasimama duara, mbali, kama wanaotazama mtu anayefungua bomu. Dalali wa mifugo naye alikuja, na kamba zake mbili begani. Mama Bunma alimuona. Nlimuona alivyomuona.

"Tia tui, utakuwa mtamu," Haji akaninong'oneza.

"Nikitia tui watasema nimeficha harufu. Maji na chumvi basi."

Kosa langu lilikuwa kuchagua chuya punje moja moja, kama bibi yangu anayepikia wakwe. Na mchele wenyewe wa zamani, nshakwambieni haukuwa na haraka. Ukanywa maji, nikaongeza, ukanywa, nikaongeza. Jua likapanda. Maji yalipokauka nikafunika, nikapalia makaa juu ya mfuniko, nikakunja mikono.

Luang Po alikuwa amekaa kwenye jamvi, bakuli mbele yake. Nyuma yake mpiga ngoma wa hekalu, mzee mmoja kiziwi nusu, kashika mti wake anatazama kivuli cha mnara kikijikunja.

"Funua," Haji akasema.

"Bado haujakaa."

"Bwana Seif, funua! Jua hilo!"

"Wali haufunuliwi ukipaliwa! Unataka nimpe mtu mzima bokoboko?"

"Nataka umpe kitu chochote ngoma haijalia!"

Mama Bunma hakuhitaji mkalimani. Alikuja akanisukuma kwa nyonga, mie na heshima yangu tukaenda upande, akautoa mfuniko kwa upindo wa nguo yake, makaa yakamwagika chini. Mvuke ukapanda. Akachota kwa kata, akakimbia. Na kwa kuwa kwao mwanamke hamkabidhi mtawa kitu mkono kwa mkono, ilibidi asubiri Luang Po atandike kitambaa chake mbele. Mzee alikuwa taratibu, akakikunjua pembe, akakinyoosha mkunjo. Mama Bunma kapiga magoti, akijitingisha kama mtoto anayetaka chooni. Akaweka. Luang Po akachukua wali kwa vidole, akautazama, akautia mdomoni.

Tukasikia.

Wallahi tulisikia, uwanja mzima ulisikia: *kra, kra, kra.* Ulikuwa na kiini kama kokoto. Luang Po akatafuna. Akameza. Akachukua tonge la pili, *kra, kra*, akameza. Mpiga ngoma akainua mti, *duu!* ikalia, na Luang Po akauweka mkono wake pajani.

Watu wakangoja neno lake. Akanitazama mimi.

"Mwarabu," akasema, "wali wako mbichi."

Kisha mama mmoja nyuma akapasuka kicheko, na wa pili, na uwanja wote ukaanguka. Hakusema unanuka, hakusema maiti. Lawama yote ilikuwa ya mpishi! Kina mama wakanivamia, huyu ananionyesha kiasi cha maji, huyu ananyang'anya kata, huyu ananiuliza mama yangu alinifundisha nini. Wakachochea moto wenyewe, wakaongeza maji, wakafunika. Na ulipoiva, walionja, kisha wakaonja tena ili wahakikishe walivyoonja. Dalali wa mifugo alikula sahani mbili, akajifuta mdomo kwa kamba zake, akaenda gatini bila ya kumuuliza Mama Bunma khabari ya nyati.

Bwana Heng akaja na sahani yake mkononi, tupu.

"Mama Bunma," akasema, "nimeona. Leta magunia yako, nntayakoboa kesho."

Mama Bunma akaendelea kukwangua ukoko. "Siyo mie wa kuombwa. Yupo aliyeyalinda muda wote ule mlipokuwa mnayakimbia. Kamuombe ruhusa."

Akanyooshea ukumbi, na jeneza, na ile picha yenye miwani.

Bwana Heng alikuwa mwanafunzi wa Mwalimu kama wengine. Akatazama watu, wakamtazama. Akavua viatu, akapanda ngazi moja moja, na sote tulimuona akipiga magoti mbele ya jeneza na kijiti cha udi kati ya viganja, akainama mpaka paji likagusa mbao, akakaa hivyo kama mtoto aliyesahau jadweli ya hesabu. Aliporudi jasho lilikuwa likimtiririka.

"Amekubali?" Mama Bunma akauliza.

"Hakusema kitu."

"Basi amekubali," akasema, akawaashiria wapagazi waende wakabebe. "Mwalimu yule akikataa jambo, darasa zima lilikuwa linasikia."